Baridi ya Benzi la Mjomba

Ijumaa, 2 Januari 1998

Mbarak amepita tena sokoni Ukunda adhuhuri hii, vioo vyote vimefungwa. Jua la utosi, watu wamefunga, midomo imekauka, na kaka yangu yumo ndani ya Benzi anavuja jasho kama mtungi, lakini kioo hateremshi. Ati watu waone kwamba ndani mna baridi. Baridi ya wapi? Ukibonyeza kile kidude chenye alama ya theluji, gari linakupulizia moto usoni. Alipofika nyumbani kanzu ilikuwa imemganda mgongoni, akaingia bafuni akakaa humo mpaka alasiri. Nikamuuliza kupitia mlangoni kama baridi imemzidi. Akajimwagia maji mengine.

Gari lenyewe ni la meneja Mjerumani wa hoteli alikokuwa akifanya kazi Mbarak, yeye akiwa mkuu wa madereva. Baada ya ghasia za Agosti hoteli ilifungwa, Mjerumani akarudi kwao, Benzi likabaki na kaka yangu. Kazi hana, wake wawili wameshamwacha, ila Benzi analo.

Daftari hili nililinunua niandikie maagizo ya keki. Wazungu hawapo, keki hakuna anayeagiza. Basi naandika nionayo, karatasi zisioze bure kwa unyevu.

Jumatatu, 5 Januari

Mvua. Nguo hazikauki, na joto halipungui. Mvua gani hii isiyopoza?

Alhamisi, 8 Januari

Wamekuja wazee wa Munje kupanga siku. Nikaha ya mwanangu Twaiba na kijana wao Sefu itakuwa Mfungo Mosi, Ijumaa ya tarehe 20 Februari, inshallah. Sefu anauza katika duka la dawa Msambweni, kijana mpole, nimemridhia.

Baba yake Twaiba ni marehemu, na kwetu Wadigo hata baba akiwa hai mjomba ana sauti yake. Mbarak aliitumia sauti hiyo yote. Wageni hata kahawa ya baada ya futari hawajamaliza, akatangaza kwamba bibi harusi atatoka hapa mpaka Munje ndani ya Benzi, vioo vimefungwa, mapazia yameshushwa, na baridi kama ya Ulaya, asitokwe hata na tone la jasho. Wazee wakasema mashallah. Nilimsikia Twaiba akicheka nyuma ya pazia, kwa furaha.

Niandike wazi, maana simwambii mtu. Kabla ya Twaiba nilizika wawili. Ninaye huyu tu. Sitaki dhahabu ya Munje wala sifa. Nataka aondoke kwangu salama akiwa na furaha, na mlango wangu ubaki mlango anaopenda kuujia. Basi.

Jumapili, 11 Januari

Kitheka amerudi. Ni fundi wa magari, Mkamba wa Kitui, karakana yake ilikuwa nyuma ya stendi mpaka ilipochomwa mwezi wa Agosti pamoja na vibanda vyote vya watu wa bara. Mkewe Syovata na watoto wamebaki Kitui. Hawataki hata kuisikia Ukunda.

Nitampa Mbarak haki yake: wakati ule alimficha Kitheka na familia yake katika stoo yetu ya nazi, siku ambayo kumficha mtu wa bara kulikuwa kutafuta kuchinjwa naye. Vijana walikuja mlangoni na mapanga, Mbarak akatoka na msuli tu kiunoni akawaambia hapa hamna mtu. Sanduku la spana la Kitheka nililisukuma mimi uvunguni mwa kitanda changu, na humo limekaa mpaka leo. Nilipomrudishia alilifungua akapapasa spana moja moja. Nami nikaenda jikoni nisimwone akilia.

Hata chai ya futari hajaimaliza, Mbarak akamwonyesha Benzi. "Wewe ndiye fundi wangu," akamwambia, "na mimi nakujua, nawe unanijua." Kitheka akasema sawa. Nini kingine angesema?

Jumatano, 14 Januari

Dashibodi nzima imeng'olewa. Imelazwa juu ya mkeka uani kama ng'ombe wa Idd, nyaya zimemwagika nje. Kitheka anasema gari hili lina akili yake lenyewe ya kupima joto, na akili hiyo imeharibika: likiona joto linaongeza joto. Hilo amelitengeneza. Tatizo kubwa ni bomba lililojikunja nyuma ya dashibodi, ambamo gesi ya baridi hupita. Limeliwa na chumvi ya bahari, limetoboka. Akalipaka povu la sabuni akatuonyesha: mapovu yalivimba mahali pengi.

Anasema linataka bomba jipya, na gesi yake mwenyewe ya gari, vyote kutoka Nairobi. Mbarak akamwuliza kwa nini analeta maneno mengi.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua. Dashibodi imeletwa sebuleni kwangu. Kuku ametagia ndani ya kile kisanduku cha kuwekea makaratasi.

Jumanne, 20 Januari

Barabara ya Nairobi imekatika, mvua imechukua madaraja. Bomba halikuja wala gesi. Kitheka ameliunga lile la zamani kwa risasi ya kuyeyusha, lakini mwenyewe haliamini. Kila akipaka sabuni linatoa povu mahali pengine.

Twaiba anaimba siku nzima. Namwambia punguza, ni Ramadhani. Anapunguza kidogo.

Jumapili, 25 Januari

Leo pamekuwa pabaya. Mbarak alimtaka Kitheka atie gesi yoyote, ya friji, ya jiko, mradi gari lipoe. Kitheka akakataa. Akasema tusubiri barabara ifunguliwe, kama haikufunguliwa basi bibi harusi aende na vioo wazi, upepo wa bahari hautamwua.

Mbarak akasimama. Akamwambia mbele yangu, "Nilikuficha wewe na wanao. Leo nakuomba upepo tu, unaninyima?"

Kitheka alikuwa ameshika bisibisi. Akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha sandukuni, akalifunga sanduku. "Kama ulituficha ndio nikuwekee kitu ya kuunguza mtoto wa dada yako," akasema, "basi heri ungetuacha nje." Akatoka. Hata kuaga hakuaga, naye huwa hapiti mlango huu bila kuaga.

Na mimi niliyekaa pale na sinia la tende mkononi nilimkasirikia nani? Nilimkasirikia Kitheka. Niandike ukweli wangu: niliona ana kiburi. Nikasema moyoni, watu wa bara ndivyo walivyo, ukiwapa mkono wanataka bega. Sasa hivi ninaposoma nilichoandika nakionea haya, lakini sikifuti.

Wema ule wa Agosti niliupenda sana. Sasa naona kumbe Mbarak aliuweka akiba.

Ijumaa, 30 Januari

Idd mubarak. Benzi limesimama uani bila uso, limefunikwa turubai. Watoto wa jirani walilisalimia wakicheka.

Jumatano, 4 Februari

Twaiba ametiwa ndani. Mama yetu mkubwa, Bi Mejumaa, amekuja kutoka Waa kuwa somo wake, na kikapu cha liwa na asumini, na chetezo chake cha udongo ambacho kimefukizia maharusi tangu mimi sijazaliwa. Nilimpa shikamoo, akanishika kidevu akanitazama. Akasema nimekonda.

Akaweka sharti palepale mlangoni kwa mwari. Asionwe na jua, asinuse vitunguu, asisikie habari ya maradhi, msiba wala ugomvi. Mwari akitiwa hofu, hofu huingia naye katika ndoa. Mimi mwenyewe nilikaa hivyo. Siku zile babangu alikuwa mahututi, nami sikuambiwa mpaka nilipotoka fungate. Ndiyo ada.

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi nilitaka kuoka keki ya kujaribia. Gesi hakuna. Mtungi niliujaza kabla ya Ramadhani na sijaoka hata mara tatu. Nikauuliza mtungi: umekunywa nini?

Saa nne Mbarak akaja kuniita, meno yote nje. Benzi limerudishiwa uso. Fundi ni Dzombo, aliyekuwa akitengeneza mafriji ya hoteli, kijana wa hapahapa wa kina sisi, hana maneno mengi. Mbarak akanifungulia mlango kama bi mkubwa. Nikaingia. Nikafungiwa.

Baridi! Ilinipiga kifuani, ikapita shingoni, ikaingia mpaka kwapani. Nje jua linachoma matope, na mimi nimekaa kwenye ngozi laini, meno yanataka kugongana. Wallahi nilifurahi. Nilicheka peke yangu. Nilimwona Twaiba wangu amekaa palepale, hana jasho, wanja haujamtoka, anateremka Munje kama malkia, na wale wake wa Munje wanatazamana. Nilimsamehe Mbarak kila kitu, hata yale aliyomwambia Kitheka.

Kisha nikavuta pumzi kwa pua. Mimi ni mpishi wa keki, miaka kumi nawasha jiko lile. Harufu hii naijua hata usingizini.

Nikashuka, nikamwuliza Dzombo gesi ya gari ameipata wapi na barabara imekatika. Akamtazama Mbarak. Mbarak akatazama juu.

Jumanne, 10 Februari

Nilimwambia Mbarak aitoe. Akasema inaleta baridi au haileti? Nikasema inaleta. Akasema basi wewe unataka nini tena, na mtungi nitakujazia. Nikamwambia inavuja, naisikia puani. Akasema pua yangu imeharibiwa na miaka ya vanila.

Mchana nikavaa buibui nikamfuata Kitheka. Nilimkuta chini ya lori la mchanga njia ya Tiwi. Haya zilinijaa, lakini nilimweleza. Alitoka chini ya lori, akanawa mikono kwa mafuta ya taa taratibu, akasema, "Baridi italeta, Mama Twaiba, hiyo sikatai. Lakini ile bomba ya ndani bado inavuja, inavujia pale watu wanakaa. Mkifunga vioo inakaa humo humo. Mtu asiwashe moto ndani ya hiyo gari. Hata kiberiti."

Nikamwomba aje aitoe. Alikuja jioni, Mungu amlipe. Mbarak alimkuta langoni, akamwambia kazi imeshafanywa na watu wenye adabu. Kitheka akanitazama mimi. Nikasema nini? Sikusema kitu, wageni wa Waa walikuwa barazani.

Alhamisi, 12 Februari

Mbarak amemwaga marashi kwenye viti, chupa nzima. Sasa gari linanuka kama jiko la mtu anayeenda harusini. Yeye mwenyewe, mvutaji mkubwa, humo havuti. Ati ngozi itashika moshi. Nimemshukuru Mungu kwa hilo moja.

Jumamosi, 14 Februari

Leso za kufungia zimefika. Mvua kidogo.

Jumatano, 18 Februari

Nilikwenda chumbani kwa Twaiba na uji. Amepakwa liwa uso mzima, macho tu ndiyo yanayoonekana, yanang'aa. Bi Mejumaa alikuwa ametoka kuswali. Tulikuwa peke yetu.

Akaniuliza, "Mama, mbona uso wako hivyo?"

Nikasema moshi wa jikoni. Kuni mbichi, gesi imeisha.

Akasema gari limepoa, amesikia, mjomba amepiga kelele dirishani. Akaniuliza kama kweli ni baridi kama watu wanavyosema. Nikamwambia kweli, chukua shali. Akacheka, liwa ikapasuka mashavuni, nikamwambia usicheke utaharibu.

Nimeongea na Bi Mejumaa. Nimemwomba kila kitu cha udi kifanyike hapa chumbani, gari lisifukizwe, moshi unaharibu ngozi. Akasema sawa mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyopanga, kimyakimya, bila kuvunja harusi ya mtu. Moto usikaribie, baridi ipulize, afike.

Jumamosi, 21 Februari

Naandika ya jana.

Nikaha ilipita msikitini baada ya sala ya Ijumaa, salama. Sefu aliitikia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, watu wakacheka. Chakula kilitosha. Joto lilikuwa limetuinamia na mawingu yamekaa juu ya minazi hayashuki. Alasiri wakasema bibi harusi atoke.

Wanawake walimtoa chini ya leso sita zilizoshikwa pembe, miguu tu ndiyo inayoonekana, hina mpaka vifundoni. Vigelegele, ngoma, watoto wanakanyagana. Benzi liko langoni limewashwa, linanguruma, linadondosha maji chini. Mimi nilikuwa nyuma na birika la kunawishia wageni. Mama wa bibi harusi haendi naye. Kazi yake ni kubaki.

Mbarak alifungua mlango wa nyuma. Nikaisikia harufu nikiwa mbali, licha ya marashi. Naye aliisikia, nilimwona akikunja pua. Na ili kuifunika akageuka kwa sauti ya bwana mkubwa akasema, "Mama mkubwa, mbona gari la mwari halina udi? Lete chetezo, liweke chini ya miguu yake, tufunge milango liingie kwenye nguo."

Ndiyo ada. Kila mtu pale anaijua, mimi mwenyewe nilipelekwa hivyo kwenye Peugeot ya baba. Na Bi Mejumaa, mzee wa watu, ahadi yake kwangu ilimtoka kichwani mbele ya ada. Akaja na chetezo, makaa mekundu, udi unatoa moshi, na anapuliza kwa mdomo ili yakolee.

Niliita, "Mama, usitie humo!" Ngoma ilimeza. Nikasukuma watu. Alikuwa ameshainama, mkono na chetezo vinaelekea mlangoni. Sikuwa na muda wa kuwa na adabu. Nilimwaga birika lote juu ya makaa.

Yalilia shhh, moshi na majivu yakaruka, yakamrukia Bi Mejumaa kifuani, yakamrukia Twaiba kwenye shela. Chetezo kikampasukia mkononi. Ngoma ikanyamaza, kigelegele kimoja kikabaki peke yake hewani mpaka mwenyewe akaona haya akakikata.

Bi Mejumaa alitazama vigae mkononi. "Esha," akasema, "umemzimia mwanao udi."

Nikasema gari lina gesi, gesi ya jiko, inavuja, lingewaka. Nilisema mara mbili. Mbarak akanishika bega kwa upole, upole ambao sitausahau, akawaambia wanawake, "Dada yangu hajalala siku nyingi. Mnajua ni mtoto wake wa pekee." Na mmoja nyuma yangu akasema, si kwa siri sana, kwamba kuna mama wanaohusudu hata tumbo lao.

Twaiba aliinua ukingo wa shela. Alinitazama. Nilingoja aniulize. Angeniuliza neno moja tu, ningemshika mkono nikamrudisha ndani na harusi ingekufa palepale. Hakuniuliza. Akaingia, mlango ukafungwa, vioo vikapanda, mapazia yakashuka. Nilisimama na birika tupu mpaka gari likapinda njia ya Msambweni.

Wamefika salama. Wametuma salamu kwamba bibi harusi alikuwa akitetemeka kwa baridi na wa Munje walistaajabu. Alhamdulillahi. Nilikaa chini sakafuni nikalia mpaka pua ikaziba.

Jumanne, 24 Februari

Bi Mejumaa amerudi Waa na vigae amevifunga kwenye leso. Hakuniaga.

Ijumaa, 27 Februari

Fungate imekwisha. Nilipeleka Munje biriani na kaimati, sahani zangu nzuri za maua. Zimerudi leo na mtu wa baiskeli, moja imepungua. Zimeoshwa, tupu.

Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Utatia hata andazi moja, hata ndimu. Ukikosa kabisa, au ukiwa huna hamu na mtu ila unataka kumwekea heshima, utatia chembe za chumvi. Tupu ni tusi, na aliyelituma ni mwanangu.

Mtaani wananisalimu kwa ncha ya ulimi.

Alhamisi, 5 Machi

Limewaka.

Mvua ilimwagika adhuhuri kama ndoo. Mbarak alikuwa ameegesha mbele ya duka la nyama, barabara yote mto, akangoja ndani. Vioo vimefungwa kama kawaida. Alingoja, mvua haikatiki, uvumilivu ukamwisha. Akatoa sigara.

Muuza nyama anasema palikuwa na mlio kama turubai linalopigwa na upepo, na vioo vyote vikatoka. Mbarak alitoka kwa mlango akitambaa kwenye maji, na maji ndiyo yaliyomwokoa. Mikono imeungua, ndevu na nyusi hana. Benzi liliendelea kuungua mvuani mpaka likabaki mifupa. Yuko hospitali, ataishi.

Nililiona limesimama pale. Kiti cha nyuma hakipo, springi tu. Pale pale alipokaa mwanangu.

Jumapili, 8 Machi

Ningesema sasa watajua. Looo! Asubuhi nimeambiwa na jirani, kwa huruma, kwamba watu wanasema aliyezima udi ndiye aliyeleta moto. Nilimwaga baraka, balaa likakaa garini likingoja.

Na jioni ni jingine: Mbarak amesema kitandani kwamba fundi wa bara alilitega gari kwa kisasi cha Agosti. Vijana wameanza kuulizia Kitheka analala wapi.

Nilikwenda hospitali. Amefungwa bendeji kama mtoto mchanga. Nilimpa maji kwa kijiko. Akaniambia taratibu, "Esha, wewe sema ni yeye. Na mimi nitawaambia uliona mbele, uliota, ndiyo maana ulimwaga maji. Twaiba atarudi kwako. Yeye ni mtu wa bara, atakwenda zake."

Niliweka kijiko. Huyu ndiye aliyesimama mlangoni na msuli tu mbele ya mapanga. Sijui yule alikwenda wapi, au kama ni huyuhuyu. Nilimtazama sana nisimwone.

Jumanne, 10 Machi

Nilibeba mtungi wangu wa gesi kichwani, mtupu, mpaka kwa mzee wa mtaa, watu wamejaa barazani. Nikautua mbele yao. Nikasema huu ulikuwa umejaa kabla ya Ramadhani, mwiteni Dzombo aseme aliumwaga wapi. Dzombo alikuja, akakana mara moja, kisha akaona mtungi akakubali, akasema mwenye gari ndiye aliyemwamuru. Vijana wakatawanyika mmoja mmoja, bila kuombana radhi na mtu.

Kitheka alikuja alasiri na sanduku lake. Akaniaga mara hii. Akasema amesikia nilichofanya na anashukuru, lakini anaenda Kitui, mara ya tatu hatangoja kuona nani atamficha. Nikamfungia mahamri. Sikumwambia abaki. Ningemwambia kwa uso gani?

Jumamosi, 14 Machi

Twaiba amekuja leo.

Nilimwona akiingia langoni na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, moyo ukaruka. Nikajua amesikia habari ya mtungi, amekuja kuniomba radhi. Nilikuwa nimeshamsamehe kabla hajavua viatu. Nikakimbilia kuweka chai.

Hakuvua buibui. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasubiri nimalize kuhangaika na vikombe.

"Mama, ulijua lini?"

Nikamwambia tangu siku Dzombo alipotia. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: nilivyomwambia mjomba wake, nilivyomfuata Kitheka chini ya lori, nilivyomwomba Bi Mejumaa, nilivyomwaga maji mbele ya watu mia na kuitwa hasidi kwa ajili yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ana subira kuliko mimi, ameitoa kwa babake.

"Umewaambia wote," akasema. "Mimi nilikuwa chumba cha pili."

Nikasema mwari haambiwi mabaya, ni ada.

"Mwari ndiye aliyepanda."

"Nilizima moto, mwanangu."

"Moto uliuzima. Gari uliliacha. Nilikutazama pale, nikangoja useme shuka. Ulishika birika." Akasukuma kikombe pembeni. "Nilikuuliza hata uso wako una nini. Ukaniambia kuni."

Nimewaandika wote humu, Mbarak na pupa yake, Bi Mejumaa na ada yake, Dzombo, majirani. Mtu ambaye angeweza kusema neno moja chumbani na gari likaondoka tupu ni mimi, na sikulisema kwa sababu niliona aibu ya harusi kuvunjika. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliisikia methali hii tangu utotoni na nikadhani ni ya wenye watoto watundu.

Chai hakunywa. Aliinuka, akanibusu mkono kama desturi, akasema Sefu anasalimu. Kile kitambaa akakiacha mezani.

Alipokwisha kupinda njia nikakifungua. Ni ile sahani moja ya maua iliyobaki Munje. Katikati amenitilia chumvi, chembe tu, zingeingia kwenye kijiko cha chai.

Nimezimimina kwenye kopo la jikoni, pamoja na nyingine. Nimekung'uta na kitambaa. Mvua imeanza tena, na nina mchele wa kuchagua.